Rangi ya Waridi Iliyokosekana: Kisa cha Oleh Hornykiewicz na Dopamini

Neli zimesimama kwenye kishikio, zina maji yaliyochujwa kutoka vipande vya ubongo wa watu waliokwisha kufa. Zote zimetiwa iodini. Zile za watu ambao ubongo wao haukuwa na ugonjwa zinageuka taratibu na kushika rangi ya waridi. Neli ya mtu aliyekufa na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, haigeuki, au inageuka kidogo mno hata ukiiinua dirishani. Oleh Hornykiewicz alisimulia baadaye kwamba kabla ya kupeleka chochote kwenye mashine ya kupimia, upungufu wa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, katika ubongo wa Parkinson alikwisha kuuona kwa macho matupu.

Ilikuwa Vienna, katika Taasisi ya Famakolojia (elimu ya dawa) ya Chuo Kikuu, kati ya 1959 na 1960. Hornykiewicz alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Hakuwa daktari wa mishipa ya fahamu, hakuwa na wodi, hakuwa na mgonjwa hata mmoja wa kwake.

Hilo la kutokuwa na mgonjwa ndilo ninalotaka kulikazia hapa. Kisa chake husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha tuzo: mtu aligundua, wenzake wakapewa Nobel, yeye akaachwa. Ni kweli, nitafika huko. Lakini ukifuatilia hatua kwa hatua unaona kwamba kila alichokihitaji kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine: ubongo kwa madaktari wanaopasua maiti, unga wa dawa kwa kampuni, wagonjwa kwa daktari mwingine kabisa. Kazi yake ilikuwa kuviunganisha. Na mtu anayeunganisha vitu vya watu, siku ya kugawa sifa, ni rahisi kumsahau.

Tuanze na sungura. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake, nchini Sweden, waliwapa sungura reserpini, dawa iliyokuwa ikitumika kushusha shinikizo la damu. Sungura wakalegea, masikio yakaanguka, wakakaa kama waliomwagiwa maji. Kisha wakadungwa dopa, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Baada ya dakika chache masikio yakasimama, wakaanza kutembea. Wakati huo wengi waliichukulia dopamini kama kituo cha njiani tu, kitu kinachopitiwa mwili unapotengeneza noradrenalini, ndugu ya adrenalini. Carlsson alionyesha kwamba dopamini imo ndani ya ubongo kwa haki yake yenyewe, na wenzake Bertler na Rosengren wakaonyesha mwaka 1959 kwamba kwa mbwa imejazana sehemu moja ya ndani, ile inayohusika na mwendo. Huko Osaka, Isamu Sano naye akapima ubongo wa binadamu na kukuta mgawanyo wa namna hiyo hiyo.

Mtu wa leo akisoma hayo anaona jibu limekwisha kuandikwa ukutani. Wakati ule halikuonekana. Kwenye mkutano wa London mwaka 1960 wakubwa wa fani hiyo walimpokea Carlsson kwa mashaka makubwa. Wengi waliamini kwamba seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na habari ya kemikali kupeleka ujumbe ndani ya ubongo waliiona kama hadithi ya vijana.

Hornykiewicz yeye aliingia kwa mlango wa nyuma. Alizaliwa 1926 Sykhiv, karibu na Lviv, eneo lililokuwa chini ya Poland na sasa ni Ukraine. Vita vilipoanza 1939 familia ikakimbilia Vienna, na mtoto akalazimika kusoma shule kwa Kijerumani. Akahitimu udaktari mwaka 1951 na kujifungia kwenye famakolojia. Mwaka 1956 alipata ufadhili wa kwenda Oxford kwa Hermann Blaschko, mkimbizi wa Kiyahudi aliyetoka Ujerumani. Blaschko alikuwa na wazo ambalo wachache walilijali: kwamba dopamini huenda ina kazi yake yenyewe. Akampa kijana kazi ya kulijaribu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutangaza redioni. Simbilisi, mrija kwenye mshipa, na kipimo cha shinikizo la damu. Kwa simbilisi, adrenalini na noradrenalini hupandisha shinikizo, dopamini ikalishusha. Kama dopamini ingekuwa kituo cha njiani tu kuelekea noradrenalini, ingefuata njia ile ile. Haikufuata. Kwa hiyo Hornykiewicz aliporudi Vienna mwaka 1958 alikuwa amekwisha kuamini jambo ambalo wengi walikuwa bado wanalibishia, na alikuwa ameliamini kutokana na mishipa ya damu, si ubongo. Kisha akasoma kazi za Carlsson. Akaona kwamba kama sungura aliyepungukiwa dopamini anafanana na mtu mwenye Parkinson, basi kuna swali ambalo sungura hawezi kulijibu.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa mtu huyu. Njia salama ilikuwa kuendelea na wanyama: panya, paka, mbwa, makala moja baada ya nyingine. Aliamua kwenda moja kwa moja kwa binadamu, maana yake maiti, maana yake kusubiri. Maabara yake haikuwa imeandaliwa kwa kazi ya namna hiyo. Akishirikiana na kijana mwenzake, Herbert Ehringer, walianza Aprili 1959 kukusanya ubongo wa watu waliokufa bila ugonjwa wa mishipa ya fahamu ili wajue kiwango cha kawaida, halafu ubongo wa wagonjwa. Wakafikisha 17 wa kawaida na 14 wa wagonjwa wa matatizo ya mwendo wa aina mbalimbali. Kati ya hao 14, sita walikuwa na Parkinson.

Sita tu. Leo ukipeleka makala yenye wagonjwa sita, mhakiki atakuuliza kama unatania. Lakini angalia mpangilio wao. Hawakulinganisha wagonjwa na wazima peke yao. Waliweka pia wagonjwa wawili wa Huntington, ugonjwa ambao nao huvuruga mwendo, na wengine sita wenye matatizo yasiyofahamika chanzo. Dopamini iliporomoka kwa wale sita wa Parkinson tu. Kwa hiyo haikuwa habari ya kulala kitandani muda mrefu, wala ya ubongo kuharibika kwa jumla. Makala ilitoka Desemba 1960 kwa Kijerumani, na sidhani kama katika tiba ya karne ile kuna makala nyingi zilizosema mengi hivyo kwa ubongo mchache hivyo. Huu ulikuwa ugonjwa wa kwanza wa ubongo unaoharibika polepole kufungwa na upungufu wa kemikali moja inayojulikana kwa jina.

Lingine lililomsaidia ni mahali. Vienna ilikuwa na wagonjwa wengi waliobaki na kutetemeka na kukakamaa baada ya janga la homa ya ubongo lililopita miaka ya 1910 na 1920, lile ambalo Constantin von Economo alilieleza hapo hapo Vienna mwaka 1917. Walikuwa wamezeeka, wengi wakiishi kwenye nyumba kubwa ya wazee na wagonjwa huko Lainz, pembezoni mwa jiji. Walipofariki, baadhi yao waliingia kwenye hesabu ya wale sita.

Mtu mwingine angepumzika kidogo baada ya matokeo hayo. Hornykiewicz alipiga hesabu ya haraka: kama ubongo umepungukiwa dopamini, basi na urudishiwe. Dopamini yenyewe haipiti ukuta unaotenganisha damu na ubongo, ila dopa inapita, na ikishaingia inageuzwa huko huko. Na dopa ilikuwepo zamani. Markus Guggenheim wa kampuni ya Roche huko Basel aliipata mwaka 1913 kwenye maharage yale mapana ya Ulaya. Akameza gramu 2.5 yeye mwenyewe aone itamfanya nini, na ikamtapisha. Kwa miongo kadhaa ikakaa hivyo, kitu cha kwenye rafu.

(Sisi tunayo karibu zaidi. Upupu, huu huu unaowawasha watoto wa shule mpaka wanalia, mbegu zake zina dopa nyingi, jambo lililoripotiwa India tangu 1937. Nilipomwambia baba mdogo wangu, ambaye ana Parkinson, aliniangalia kwa muda kisha akasema, “Mwanangu, nipe ya dukani.” Ana haki. Mbegu za porini hazina kipimo, na dawa hii kipimo chake ndicho kila kitu.)

Novemba 1960 Hornykiewicz alimwendea Walther Birkmayer, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu kule Lainz, akampa dopa na kumwomba awadunge wagonjwa wake. Birkmayer hakuwa na haraka. Desemba ikapita, Januari, Pasaka ikapita. Sindano ya kwanza ilidungwa Julai 1961, miezi minane baadaye.

Miezi hiyo minane inanishughulisha kuliko mjadala wote wa Nobel. Mwanasayansi ana jibu mkononi, tena jibu lenye dawa, na wagonjwa wamelala mwendo mfupi kwa tramu kutoka maabara yake. Hawezi kuwagusa. Hana ruhusa ya kudunga mtu, na hapaswi kuwa nayo. Anachoweza ni kuomba, na kuomba tena. Mtu aliyewahi kufanya utafiti unaotegemea saini ya mkubwa wa idara nyingine atanielewa.

Halafu ikadungwa. Miligramu 50 hadi 150, polepole, kwenye mshipa. Makala yao ya 10 Novemba 1961 inaeleza yaliyotokea kwa lugha ambayo si ya kawaida kwenye majarida ya tiba. Waliokuwa wamelala wasiweze hata kukaa, wakakaa. Walioweza kukaa bila kuinuka, wakainuka. Waliosimama kama wamepigiliwa misumari, wakatembea huku mikono ikipunga, wengine wakakimbia na kuruka. Sauti zilizokuwa zimefifia na kugugumia zikatoka wazi. Nafuu ilifika kilele ndani ya saa chache, kisha ikapungua. Walipiga filamu pia, na walifanya vyema, maana ni vigumu kumwaminisha mtu jambo hilo kwa karatasi.

Na kweli hawakuaminiwa. Jijini Montreal kundi la André Barbeau na Theodore Sourkes lilikuwa limefika mahali pamoja nao kwa njia yake lenyewe, likitumia dopa ya kumeza. Lakini madaktari wengine walipojaribu, wengi waliona kichefuchefu kuliko nafuu. Dozi zilikuwa ndogo, sindano zilikuwa za mara moja moja, na kwa miaka sita hivi dawa hii ikawa ya kubishaniwa. Aliyeifungua njia ni George Cotzias, kule Brookhaven nchini Marekani, mwaka 1967: alianza na dozi ndogo ya kumeza, akapandisha kwa wiki nyingi mpaka gramu nyingi kwa siku, tumbo likazoea. Kinachochekesha ni kwamba nadharia yake ya mwanzo ilikuwa nyingine, alitaka kurudisha weusi wa ile sehemu ya ubongo inayopauka kwa wagonjwa hawa. Alikosea sababu, akapata tiba. Mwaka 1970 Marekani ikaidhinisha levodopa, dopa ile ile katika sura ya dawa. Baadaye ikachanganywa na karbidopa au benserazidi, zinazozuia dopa isigeuzwe kabla haijafika ubongoni, na kutapika kukapungua sana.

Basi orodha imeshakuwa ndefu: Guggenheim, Blaschko, Carlsson, Sano, Ehringer, Birkmayer, Barbeau, Cotzias. Mwaka 1979 Tuzo ya Wolf ya tiba iliwaweka Carlsson na Hornykiewicz pamoja, na Roger Sperry wa tatu. Ulikuwa mgawanyo wa haki. Mwaka 2000 Nobel ikaenda kwa Carlsson, Paul Greengard na Eric Kandel. Zaidi ya madaktari na watafiti 200 wakatia saini barua ya wazi kulalamikia kuachwa kwa Hornykiewicz.

Naunga mkono malalamiko yao, ila nadhani kosa halikuwa pale walipolitafuta wengi. Si kwamba kamati ilipima watu wawili na kumwona mmoja mwepesi. Kosa lilianzia kwenye kichwa cha tuzo. Ilitolewa kwa ugunduzi kuhusu upitishaji wa ishara katika mfumo wa neva. Ukishaandika hivyo, mlango umekwisha kufungwa: Carlsson ni dopamini kama ishara, Greengard ni yanayotokea ndani ya seli baada ya ishara kufika, Kandel ni kumbukumbu, aliyoichunguza kwa konokono wa baharini. Watatu, na kanuni haziruhusu wanne. Kama kichwa kingekuwa “chanzo na tiba ya Parkinson”, ningependa kumwona mtu anayemwacha Hornykiewicz nje na kubaki na uso mkavu. Lakini maelezo ya tuzo hayo hayo yalitaja kwamba kazi ya Carlsson ilipelekea kufahamika kwa chanzo cha Parkinson na kupatikana kwa dawa yake. Yaani walichukua mavuno ya shamba na kumwacha aliyelima sehemu yake ya mwisho.

Kwa upande wa Carlsson, tusimwonee. Yeye mwenyewe alikwisha kuandika kwamba dopamini huenda inahusika na mwendo na dalili za Parkinson, kabla Vienna haijatoa chochote. Tofauti ni kwamba yeye alilisema kutokana na sungura, Hornykiewicz akaenda kuangalia kwa watu. Katika tiba, kati ya “huenda” na “nimeangalia” kuna mahali ambapo dawa nyingi zimekufa. Na anayesema Hornykiewicz aliibiwa aniambie pia kuhusu Ehringer, aliyekaa naye mezani akikatakata ubongo, ambaye jina lake limetangulia kwenye makala ya 1960 na ambaye hakuna aliyemwandikia barua ya wazi.

Baada ya Vienna maisha yake ya utafiti yaliendelea kwa utulivu ambao wasimuliaji huruka. Mwaka 1963 alionyesha dopamini imepungua pia kwenye ile sehemu nyeusi ya ubongo inayopauka kwa wagonjwa, akaanza kuunganisha kufa kwa seli za huko na ukame wa dopamini kwingine. Akahamia Toronto mwaka 1967, akarudi Vienna miaka ya 1970 kuongoza taasisi, lakini akashikilia maabara zote mbili. Mwaka 1988, akiwa na Stephen Kish na Kathleen Shannak, alikata tena ubongo vipande vidogo vidogo na kuonyesha kwamba ukame haujatandaa sawasawa: sehemu ya nyuma ya putameni, kipande cha ndani ya ubongo, inayohusika zaidi na mwendo, imekauka karibu yote, wakati sehemu nyingine za jirani bado zina akiba. Ni kazi ile ile ya 1959, kwa vipimo vizuri zaidi, miaka karibu 30 baadaye. Alistaafu, akaendelea kuandika, akafariki Vienna tarehe 26 Mei 2020 akiwa na miaka 93.

Nchini kwetu dawa aliyoiombea miezi minane bado inawachelewa watu, kwa sababu nyingine. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulipita kwenye jamii ya watu zaidi ya 161,000 na kupata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Baba mdogo ni fundi cherehani. Alianza kwa kushindwa kutunga uzi, kisha mkono wa kulia ukaacha kupunga akitembea, kisha namba alizoandika za vipimo vya wateja zikawa ndogo mpaka mwanafunzi wake akashona suruali fupi. Sote tukasema uzee. Alikuwa na miaka 58. Ilipita miaka miwili kabla daktari mmoja kumwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi, akamwona anavyoganda kwenye kizingiti, na kuandika jina la ugonjwa.

Siku hizi kidonge cha kwanza anameza saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Anakaa ukingoni, redio ikisoma habari, anasubiri. Robo tatu ya saa hivi. Anaanza kwa kuchezesha vidole, halafu anavuta shati na kulifunga vifungo mwenyewe kuanzia chini, kwa sababu kile cha shingoni ndicho kigumu na anataka kukifikia dawa ikiwa imekolea.

Nilimtajia jina la Hornykiewicz. Alijaribu kulitamka mara mbili, akacheka, akarudi kwenye vifungo.